Umehamishiwa Dodoma: kabla hujalipia nyumba uliyooneshwa kwenye simu

Barua ya uhamisho ikimfikia muuguzi wa Mwanza au daktari wa Mbeya, kwamba aripoti Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, haipiti wiki simu yake inajaa picha za nyumba. Rafiki kampa namba ya dalali. Dalali anatuma video: geti jeusi, marumaru zinazong'aa, jiko lenye makabati. "Dakika kumi tu kutoka hospitali, daktari, na kuna mtu mwingine anaitaka." Naye yuko zamu za usiku, ruhusa ya kusafiri hana, anakabidhi wodi huku anafunga mizigo. Anatuma malipo ya awali.

Mimi ni mthamini wa majengo. Katika taasisi yetu kazi yangu ni kuikagua nyumba kabla mkopo haujatolewa, na kati ya wanaonunua wakiwa mbali, watu wa afya ni wengi. Ninawaandikia kwa sababu nawaona wakiumia kwa kosa lile lile: nyumba wameikagua kwa macho ya anayeiuza. Aliyeshika kamera ndiye aliyechagua cha kuonesha.

Kuna nyumba niliikagua mwezi Agosti, pembezoni mwa jiji. Mnunuzi alikuwa daktari aliyekuwa masomoni nje ya nchi, na alishaipenda kwa video. Video ilionesha barabara ya mchanga mweupe, safi, inayofika hadi getini. Nilipofika nilishangaa mchanga ule ulivyo laini, hauna hata jani la nyasi. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Ukuta ulikuwa na rangi mpya hadi usawa wa goti, kuanzia hapo kwenda juu rangi ya zamani. Nikakwangua kwa ufunguo, na chini ya rangi ile mpya ukatokea mstari wa tope. Ile "barabara" ilikuwa korongo.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa mwaka mzima mvua yenyewe haifiki mbali, ni kama milimita 570 hivi, lakini ikija huja kwa kishindo, na korongo lililokauka miezi kadhaa hugeuka mto kwa saa mbili tatu. Mwezi wa nane hakuna video itakayokuonesha hilo. Mama anayeuza mbogamboga nyumba ya tatu angekwambia bila kuulizwa mara mbili.

Maji ya bomba nayo yana habari yake. Jiji limetegemea visima vya Mzakwe kwa miaka mingi, na mgawo ni jambo la kawaida. Koki kuwepo jikoni hakukuambii kitu. Uliza maji yanatoka siku zipi, tangi ni la lita ngapi, na mara ya mwisho boza liliitwa lini. Anayetoka zamu saa mbili asubuhi anahitaji kuoga.

Sasa karatasi, na hapa naomba usome polepole. Tangu mwaka 1973 ardhi ya mji huu ilikuwa mikononi mwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, mpaka ilipovunjwa mwaka 2017 na majukumu yake kwenda halmashauri. Ndiyo maana utaletewa karatasi za kila aina: hati, barua ya toleo (ile ya kukugawia kiwanja kabla hati haijatoka), rundo la risiti, au mkataba uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Malalamiko ya kiwanja kimoja kugawiwa watu wawili yamesikika sana hapa, na wapo walionunua kwa nia njema wakakuta mwenzao ana karatasi kama zao. Muhuri wa mtaa unaonesha kuwa watu waliuziana mbele ya mwenyekiti. Haukuambii kama muuzaji alikuwa na cha kuuza.

Nyumba yenye hati iombee upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Majibu yatakuambia jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio, na muda wa umiliki. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na miaka iliyobaki ndiyo unayoinunua. Kama kilichopo ni barua ya toleo tu, Msajili hatakuwa na cha kukuonesha. Mwanasheria wako aende ofisi ya ardhi ya jiji akaliangalie jalada lenyewe, na mpimaji afukue mawe ya mipaka ayalinganishe na ramani. Picha ya hati iliyotumwa kwa WhatsApp haitoshi kwa lolote.

Omba pia kuzungumza na mwenza wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ukiambiwa mama yuko safarini, subiri arudi.

Wengi hununua kupitia ndugu. Undugu ni mzuri, lakini usikubali mkataba uandikwe kwa jina lake "halafu tutabadilisha". Mpe hati ya uwakilishi inayotaja kiwanja hicho kimoja, kwa namba na kitalu chake, na isimruhusu kupokea wala kutoa fedha. Ikatayarishwe na wakili, isajiliwe.

Fedha ipite benki, kwenda akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye hati, kwa awamu, na sehemu ya maana ibaki hadi uhamisho wa miliki usajiliwe. Namba ya simu ya dalali isihusike. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida anayoipata kwa kuuza, ni ya muuzaji, na bila uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato, TRA, usajili haukamiliki, kwa hiyo mkataba useme atailipa lini. Kuna wauzaji watakaokuomba muandike bei ndogo ili kodi ipungue. Kataa. Mbali na kuvunja sheria, siku mauziano yakivunjika utadai kile kilichoandikwa: umelipa milioni 90, karatasi inasema 40.

Maoni yangu ni kwamba aliyehamishwa apange nyumba kwanza, angalau masika moja ipite akiwa hapo hapo. Kodi ya pango ya miezi sita ni ndogo kuliko hasara niliyoiona nyuma ya ukuta ule. Siku hizi aliye Dar es Salaam ana treni ya umeme tangu Julai 2024, anaweza kuja na kurudi siku hiyo hiyo.

Kama kununua hakuna budi na wewe huwezi kuja, mtume mtumishi mwenzako aliyeko tayari hospitalini, ambaye hapati hata shilingi kwenye mauziano hayo. Aende bila dalali. Afungue kila koki. Asimame getini azunguke polepole na simu yake, nyuma ya nyumba pia, kisha agonge hodi kwa jirani. Halafu usiku, saa ambayo wewe ungeitwa kwa mgonjwa wa dharura, atoke nyumba ile hadi mlango wa hospitali akihesabu dakika kwa saa yake.