Mwache mwanao achukue sahani, hamlii mtu riziki yake

Wiki iliyopita kuna dada mwenzetu alinipigia simu ofisini, shule ya wanawe imeanza kutoa chakula bure kwa wote, akaniambia, "Kaka, mi wanangu nawafungia chakula nyumbani, sitaki waje wakala riziki ya wenye shida." Nilimwelewa kabisa maana ndo tulivyolelewa. Ila kwenye hili hesabu inaenda kinyume, na kwa vile hilo swali naulizwa sana nimeona bora niandike. Mimi nipo ofisi ya lishe ya wilaya moja ya shule hapa Marekani, kazi yangu ni kuhesabu sahani na kuidai serikali hela yake.

Tuanze na hela. Mpango wa chakula cha mchana mashuleni upo tangu 1946, Rais Truman ndo aliusaini, na serikali kuu haiipi wilaya fungu la hela kwa mkupuo kwamba haya gawaneni, hapana, inalipa kwa sahani. Sahani imechukuliwa na kuhesabiwa, inalipwa. Haikuchukuliwa, hakuna kitu. Kwa hiyo sahani aliyoiacha mwanao haimwendei mtoto mwingine, yule mwenye shida ya kwake ipo palepale, ile ya mwanao haihesabiwi kabisa na jikoni ndo linakosa.

Zamani kila mzazi alijaza fomu ya kipato (na shule nyingi bado ziko hivyo). Kipato kisichozidi asilimia 130 ya kiwango cha umaskini, mtoto anakula bure, ukifika mpaka 185 analipa bei ya punguzo ambayo kwa mchana haizidi senti 40, ukipita hapo unalipa yote. Kwenye karatasi inaonekana sawa. Lakini mimi nimeshasimama pembeni ya kashia kwenye shule moja nikaona mtoto wa kama miaka 8 anabonyeza namba yake, komputa inaleta deni, na kashia, mama wa watu mwenye huruma tu ila ndo sheria waliyompa, anamchukulia trei yake ya moto anamwaga yote kwenye pipa kwa sababu chakula kikishaguswa hakirudi, alafu anampa mkate wenye kipande cha jibini. Foleni nzima inaangalia. Chakula kimepikwa, kimemwagwa, mtoto kabaki na njaa na aibu, na deni ni la mzazi aliyekosa kurudisha fomu! Mpaka leo nikikumbuka uso wa yule mtoto roho inaniuma.

Sasa kuna utaratibu unaitwa CEP, ambao shule ikiingia watoto wote wanakula bure, ulitokana na sheria ya 2010 na ukafunguliwa nchi nzima 2014. Hapa fomu za chakula hakuna. Tunachukua watoto ambao serikali inawajua tayari, walio kwenye SNAP (msaada wa serikali wa chakula kwa wenye kipato kidogo), walio kwenye malezi ya serikali, wasio na makazi na wengine kama hao, tunatafuta ni asilimia ngapi ya wanafunzi wote alafu tunazidisha mara 1.6. Mfano wanafunzi 1,000 na wanaojulikana 500, hiyo ni asilimia 50, mara 1.6 unapata 80. Basi kila sahani 100 zikitoka, 80 zinalipwa kwa kiwango cha juu ambacho ni zaidi ya dola 4 kwa sahani ya mchana, na 20 zinalipwa kile kidogo ambacho hakifiki hata dola 1. Haijalishi nani kala. Sahani ya mwanao na ya mtoto wa jirani zinaingia kapu moja. Na kwa vile mpishi analipwa mshahara uleule apike 300 au 400, sahani zikiongezeka jikoni linapumua.

Sitaki niwadanganye lakini, si kila wilaya inatoboa. Oktoba 2023 kiwango cha kuingia CEP, yaani asilimia ya wale wanaojulikana, kilishushwa kutoka asilimia 40 mpaka 25, ni jambo zuri, ila 25 mara 1.6 ni 40 tu, kwa hiyo sahani 60 kati ya 100 unalipwa kile kidogo na pengo wilaya inaziba yenyewe, ndo maana wengine wanaogopa. California na Maine walikata shauri kwamba jimbo liongezee, wakaanza mwaka wa shule wa 2022-23, na majimbo mengine kama Minnesota yakafuata.

Kitu kingine kinachotukosesha hela ni tofaa, nasema kweli. Sahani ya mchana ina aina 5, nyama au mbadala wake, nafaka, tunda, mboga na maziwa, na mtoto lazima achukue angalau 3 huku mojawapo ikiwa tunda au mboga nusu kikombe. Akipita na pitsa na maziwa tu hiyo si sahani, haihesabiwi, ndo maana utasikia kashia anamrudisha, "mwanangu chukua tofaa." Mwambieni achukue. Na maziwa peke yake si bure hata kwenye CEP, wazazi wengi wanashangaa wakiona deni la maziwa.

Alafu shule ikikuletea fomu nyingine ya kipato usiitupe, hiyo mara nyingi inatumika kupatia shule hela za masomo. Kama unafungia chakula kwa ajili ya halali hilo nalielewa, ongea na jikoni uangalie menyu ya mwezi, kuna siku nyingi hakuna nyama kabisa.

Yule dada mwishoni akaniuliza, je mwanangu akibeba cha nyumbani bado anaruhusiwa kuchukua na cha shule? Anaruhusiwa. Anapita na trei yake, kashia anahesabu moja, anaenda kukaa na wenzake.