Kufufua CG ya mjomba: yanayosemwa kijiweni na niliyoyakuta baada ya kufungua

Kijiweni kwa mafundi wa pikipiki hakuna neno linalopendwa kama "Imeingia!" Nyundo imegonga mara mbili, bolti imekubali, kila mtu anachekelea. Kwa miezi tisa niliyohangaika kuifufua Honda CG125 ya marehemu mjomba, aliyekuwa bwana shamba, kwa vipande vya pikipiki nyingine, nililisikia neno hilo mpaka nikaanza kuliogopa, maana karibu kila tatizo jipya lilizaliwa dakika hiyo hiyo. Mengi niliyoambiwa yalisemwa kwa kujiamini sana. Baadhi yalikuwa kweli. Haya hapa ni yale ambayo hayakuwa.

"Pikipiki ya zamani haina spea"

Kwa CG ni kinyume chake. Honda waliitoa mwaka 1976 wakilenga nchi kama zetu, ambako pikipiki inabeba gunia mbili na abiria, na oili inamwagwa siku mwenyewe atakapokumbuka. Ile iliyoitangulia, CB125S, ilikuwa na kamshafti, yaani shafti yenye nundu inayofungua valvu, juu kwenye silinda hedi, inayozungushwa na cheni. Kwenye CG waliishusha chini, wakaifunga kwa gia, na nundu yake moja tu inasukuma valvu zote mbili kupitia vijiti virefu viwili. Cheni ya taimingi ya kulegea haipo. Wachina waliinakili injini hiyo kwa wingi, na leo ndiyo inayonguruma chini ya bodaboda nyingi za 125 na 150. Mwenye CG ya miaka ya themanini anaingia duka la spea Kariakoo na anatoka na ringi, sahani za klachi na gasketi bila kuagiza kitu nje.

Ila si kila bodaboda ni ndugu yake. Soma namba iliyogongwa kwenye injini. 156FMI maana yake silinda moja, pistoni ya milimita 56 na nusu, inapozwa kwa hewa, ni ya pikipiki, kundi la 125. 162FMJ ni pistoni ya 62, kundi la 150. Ukikuta 157FMI, tulia kwanza: mara nyingi hiyo ni ukoo wa Suzuki GN125, pistoni ya 57, kamshafti juu. Ukitazama pistoni tofauti ni nusu milimita, lakini ndani ni injini nyingine kabisa. Mimi nililijua hilo nikiwa tayari nimelipia seti nzima ya gasketi, na muuzaji aliyeniapia kwamba "zote moja hizo" hakutaka kuziona tena. Na namba peke yake haitoshi, kwa sababu zipo 162FMJ zenye kamshafti juu pia. Fungua kifuniko cha valvu. Ukiona vijiti viwili vinachomoza kutoka chini, umeshafika nyumbani.

"Nunua mbovu mbili, utapata nzima moja"

Hesabu hii inavutia, na ndiyo iliyonilia hela nyingi. Pikipiki mbili za aina moja, zilizofanya kazi moja kwenye barabara zile zile, huwa zimekufa kwa ugonjwa mmoja. Ya kwanza niliyoinunua ili niichinje, yaani niitoe spea, ilikuwa bei ya kutupa. Tulipopasua injini, gia ya pili ilikuwa imeliwa meno kama ya mjomba, klachi imeungua kama ya mjomba, mpaka uzi wa bolti ya kumwagia oili umekwisha kama wa mjomba. Nilikuwa nimenunua kioo.

Ya pili ilikuwa bodaboda iliyojipigiza ukutani. Shokapu za mbele zilipinda, tangi lilibonyea, taa haikuwepo. Injini ilikuwa na afya tele. Siku hizi kabla sijauliza bei nauliza ilikufaje. Na nauliza kadi ya usajili, hata kama nataka gurudumu tu, kwa sababu injini isiyo na kadi inaweza kukupeleka kituoni ukiwa unaendesha mali ya mtu mwingine.

"Weka betri ya volti 12, taa zitawaka kama za gari"

CG ya mjomba ni ya volti 6, na cheche yake inatoka kwenye platinamu, kile kiswichi kinachofunguka na kujifunga injini ikizunguka. Ukibadili betri tu, balbu za volti 6 zinazolishwa na betri zitakatika papo hapo, na koili za magneti hazitaweza kuichaji hiyo betri mpya. Ukitaka volti 12, hamisha ukoo mzima kutoka kwenye pikipiki iliyochinjwa: koili za magneti, sumaku yake, CDI (kile kisanduku cha kielektroniki kinachotoa cheche badala ya platinamu), rektifaya ya kuchajia betri, halafu balbu zote na honi. Kabla ya kukaza sumaku, ipachike kwa mkono uone kama imelala vizuri kwenye ncha ya kranki. Ikicheza, itakula kabari, na baadaye itakula kranki yenyewe.

Hapa pana mtego ndani ya mtego. CDI nyingine zinapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili, nyingine zinausubiri wa betri, na plagi zake zinaweza kufanana kabisa. Mimi nilichomeka ya pili mahali pa ya kwanza. Iliingia, naam. Nikapiga kiki jioni nzima mpaka goti likavimba, cheche hata moja sikuiona. Pikipiki unayotaka kuichinja ikiwa bado inawaka, chomoa betri yake uipige kiki: ikiwaka hivyo hivyo, CDI yake ni ya aina ya kwanza. Andika kwenye karatasi, funga kwa waya juu yake.

"Silinda ya 150 ukiipachika, ushapata 150"

Kwa hesabu ni kweli: mwendo wa pistoni ni milimita 49.5 kwenye zote mbili, hivyo kutoka kipenyo cha 56.5 kwenda 62 unatoka cc 124 unafika 149. Lakini shingo ya silinda nene inahitaji mdomo mpana kwenye kasha la injini, na kuutanua mdomo huo kwa tupa ni kumwaga vumbi la alumini ndani ya beringi. Hamisha injini nzima. Ni rahisi zaidi, na ile ya mjomba inabaki chini ya kitanda ikingoja siku yake.

"Chuma ni chuma, chomelea tu"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mtu anapovunjika shingo. Nilitaka breki ya disiki mbele. Shokapu za ile iliyogonga ukuta zilikuwa zimepinda, nikapata nyingine nzima kutoka pikipiki ya tatu, ndefu kidogo. Fundi akapendekeza tukate kichwa cha chesisi, kile kibomba ambamo usukani unazunguka, tuchomelee cha hiyo ya tatu. Bomba la chesisi ni jembamba. Ukilichoma kwa welding ya kawaida ya kutengenezea mageti, pembeni ya mshono linakuwa gumu na kavu kama biskuti, na kichwa hicho ndicho kinachopokea kila shimo la barabara. Nilikataa. Tukapima urefu wa mhimili wa usukani na vikombe vya golori, tukabadili vikombe, basi. Shokapu zile ndefu tulizisogeza juu ndani ya vishikio vyake mpaka kimo kikalingana na cha zamani, kwa kuwa mbele ikiinuka usukani unakuwa mzito na pikipiki inagoma kukata kona.

Kisha nikachukua uzi wa fundi mwashi. Nikauzungusha nyuma ya tairi la nyuma, nikazivuta ncha zote mbili mpaka mbele, kulia na kushoto, ukigusa tairi la nyuma pande zote. Tairi la mbele ni jembamba, kwa hiyo nafasi kati yake na uzi inatakiwa iwe sawa pande zote mbili. Kushoto nilipima milimita 4. Kulia 11.

"Kaka, hiyo itajipa ikishaanza kutembea," fundi akasema.

Haikujipa. Bushi mbili za ekseli ya mbele zilikuwa zimebadilishana upande. Kazi ya dakika kumi, kama umepima.

Bado kuna bisibisi. Skrubu za Honda za zamani zinafanana na za nyota lakini mfuo wake ni wa Kijapani, na bisibisi ya nyota ya kawaida inapanda na kuzimung'unya. Tafuta ya Kijapani kabla hujagusa kifuniko cha injini.

"Ukichanganya, umeiharibu"

Wanaotaka kila pikipiki ibaki asilia watanisamehe. Huko Uingereza, moja ya pikipiki zinazoheshimiwa zaidi ni Triton, yaani injini ya Triumph ndani ya chesisi ya Norton iitwayo Featherbed. Chesisi hiyo ilibuniwa na ndugu wawili wa McCandless kutoka Belfast, na Norton wakaingia nayo mashindanoni mwaka 1950. Vijana waliitaka chesisi ya huyu na injini ya yule, wakaoanisha wenyewe gereji.

Ninachokataa ni kuitoa eakilina, kichujio cha hewa, ili pikipiki ionekane kama ya picha za mtandaoni. Vumbi letu litaila silinda kabla mvua hazijarudi.

Kuhusu karatasi: kadi imeandikwa namba ya chesisi na ya injini. Injini ikibadilika, nenda TRA (mamlaka ya mapato) na kadi zote mbili kabla trafiki hajaiona.

Kilichobaki ni kava la cheni. CG ilitoka kiwandani na kava linaloifunika cheni yote, na ndiyo maana cheni ya mjomba ilidumu kuliko baiskeli zangu zote. Kila aliyepita gereji ameniambia nilitupe, linazeesha pikipiki. Sproketi ya ile bodaboda haikuenea humo ndani. Nimerudisha ya mjomba.