Kompyuta ya kipande kimoja ikigoma, kioo kiwe cha mwisho kufunguliwa

Ofisi nyingi za Kigoma siku hizi, pamoja na shule, zahanati na maduka ya steshenari ya Mwanga na Ujiji, zina kompyuta za mezani zisizo na kasha la pembeni. Mashine nzima imefichwa nyuma ya kioo na kusimama kwa mguu mmoja. Zinaokoa nafasi na zinapendeza. Ukiifungua, hata hivyo, utakuta humo ndani ni kompyuta mpakato iliyosimamishwa wima: ramu (kumbukumbu ya muda) ni zile fupi, feni ni bapa, diski mara nyingi ni ya inchi 2.5 au kijiti cha M.2, na vyote vimebanwa mgongoni mwa kioo, ambacho mara nyingi ndicho kipuri ghali kuliko vyote. Ndiyo maana katika karakana ya chuo chetu mwanafunzi hashiki bisibisi kabla hajamaliza yote yanayoweza kupimwa kwa nje. Mashine nyingi ambazo hazikuwa na ugonjwa mkubwa zimeuawa na ufunguaji wenyewe.

Tuanze na umeme. Nyingi kati ya kompyuta hizi hutumia adapta ya nje inayotoa volti 19 au 19.5. Chukua mita, pima ncha ya waya. Ikisoma sifuri, au inapanda na kushuka, adapta ndiyo mgonjwa na kompyuta yenyewe haina neno. Soma pia wati kwenye lebo. Mtu aliyepoteza adapta ya wati 150 akaazima ya wati 65 ya mpakato kwa sababu tu ncha zinafanana, atakuta mashine inakataa kuwaka, au inawaka na kuzima kazi ikiwa nzito. Mashine za Dell na HP, kwa mfano, nyingi zina pini ya katikati inayoitambulisha adapta. Isipotambulika, kompyuta huweza kujipunguzia kasi, na mwenye nayo ataishia kusakinisha Windows upya bila faida.

Aina nyingine, zikiwemo iMac nyingi za kabla ya 2021, hupokea volti 230 moja kwa moja na kuzibadilisha humo humo ndani. Hapo hakuna mzaha. Kapasita kubwa ya upande wa umeme mkuu hubeba volti 325 au zaidi, na huweza kubaki na chaji hata waya ukiwa umechomolewa. Asiye na mafunzo ya umeme asifungue sehemu hiyo kabisa, hata akiwa na video ya kumwongoza.

Adapta ikiwa nzima na mashine bado imekaa kimya, chomoa waya wa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha urudishe waya. Chaji iliyoganda kwenye bodi kuu ya mashine hutoka, na baadhi ya mashine huamka hapo hapo bila fundi kulipwa hata senti.

Kama feni inasikika na taa inawaka lakini kioo ni cheusi, usikubali haraka kwamba kioo kimekufa. Zima taa za chumba, mulika kioo kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Ukiona picha hafifu, paneli, yaani kioo chenyewe cha picha, iko hai. Iliyozimika ni taa ya nyuma au saketi inayoiwasha. Usipoona kitu, unganisha televisheni kwa waya wa HDMI. Ila soma alama iliyo kando ya tundu, maana baadhi ya kompyuta hizi zina tundu la kupokea picha tu, lililowekwa kwa ajili ya king'amuzi na vifaa vya aina hiyo, na fundi asiyelijua atahukumu bodi bure. Picha ikitokea kwenye televisheni, bodi inafanya kazi. Isipotokea, na badala yake unasikia milio au unaona taa ikipepesa kwa mpangilio, hesabu na uandike. Watengenezaji huchapisha maana ya kila mpangilio, na mara nyingi kosa ni ramu iliyolegea tu.

Kuna hitilafu nyingine inayovaa sura ya intaneti mbovu. Saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka kadhaa, kila tovuti inadai muunganisho si salama, mfumo wa ofisi unakataa kukuingiza. Watu hununua bando jingine. Kumbe ni betri bapa ya CR2032, ya volti 3, inayotunza saa umeme usipokuwepo.

Adui mkubwa wa mashine hizi katika mkoa wetu ni joto, na joto hilo huletwa na vumbi. Kuanzia Juni hadi Septemba vumbi jekundu la barabarani huingia kila ofisi, na wenzetu wa Tabora wanajua hali hiyo vizuri kuliko sisi. Kwa kawaida kompyuta hizi huvuta hewa kwa matundu ya chini au ya mgongoni na kuitolea juu. Sasa tazama tunavyozitunza: kitambaa cha kufuma kimetandikwa juu ili ipendeze, mgongo umesukumwa hadi ukutani, chini zimerundikwa karatasi. Duka likiwa jirani na mama ntilie anayekaanga kwa mawese, mvuke wa mafuta nao unaingia na kulishikisha vumbi. Dalili zinakuja kwa zamu. Feni inaanza kulia, kisha mashine inakuwa nzito kuelekea mchana, mwisho inazima yenyewe na kukubali kuwaka baada ya kupoa.

Mteja akisema mashine imepulizwa wiki iliyopita na bado inachemka, tunamwamini. Vumbi hujikusanya kati ya feni na mapezi ya shaba au alumini yanayotoa joto, likawa tando nene kama blanketi. Ukipuliza blowa kutoka nje unalisukuma lizidi kukaza. Sevisi ya kweli ni kutoa feni, kuliondoa tando hilo kwa brashi, na kupuliza mapezi kutoka upande wa pili. Feni ishikwe kwa kidole wakati wa kupuliza. Ikizungushwa kwa kasi kupita kiasi hugeuka jenereta ndogo na kurudisha umeme kwenye bodi, mbali na kuharibu beringi. Pasti kavu ya kupitishia joto iliyo juu ya prosesa ifutwe kwa spiriti safi, iwekwe mpya kidogo tu. Na vile vipande laini vilivyo juu ya chipu nyingine visibadilishwe kwa pasti, kwa kuwa unene wake ndio unaoziba nafasi kati ya chipu na chuma. Mara moja kwa mwaka, kiangazi kikiisha, inatosha kwa ofisi ya kawaida. Duka la kando ya barabara ya vumbi lifanye mara mbili.

Kuhusu kufungua kwenyewe nitasema machache, kwa kuwa kila modeli ina njia yake. Chomoa umeme kwanza. Laza mashine kifudifudi juu ya blanketi safi lililokunjwa, ondoa mguu, na uchore kwenye karatasi kila skrubu ilikotoka, maana skrubu ndefu ikiingia tundu la fupi huweza kutoboa bodi au paneli. Vishikizo vya plastiki vifunguliwe kwa kadi ya plastiki, si kwa bisibisi. iMac nyembamba za kuanzia mwishoni mwa 2012 zimefungwa kwa gundi ya tepe kuzunguka kioo, na zikishafunguliwa zinahitaji tepe mpya. Kama fundi hana tepe hiyo, mpe mkono wa kwaheri. Waya mwembamba wa picha usichomekwe kamwe umeme ukiwepo. Fyuzi ya taa ya nyuma ni ndogo sana na huungua papo hapo.

Mashine ikishafunguliwa, na ikiwa bado ina hadidiski ya kuzunguka, weka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, siku hiyo hiyo. Hakuna matengenezo mengine yanayobadilisha kasi ya kompyuta ya zamani kiasi hicho. iMac, hasa za 2009 hadi 2011, zinataka uangalifu, kwani bila kushughulikia kipimajoto cha diski, feni huweza kuzunguka kwa kasi ya mwisho muda wote.

Mvua zikianza, hesabu inabadilika. Mashariki ya Kongo, ng'ambo ya ziwa letu, ni kati ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na mawingu hayaheshimu mpaka. Radi ikinguruma chomoa umeme na waya wa mtandao pia, maana bodi huungua hata kwa kupitia waya wa mtandao. Umeme ukikatika, zima soketi na usubiri dakika chache baada ya kurudi. UPS (betri ya kushikilia umeme unapokatika) ya VA 650 inatosha kompyuta yenye adapta ya wati 90 au 120, ila usichomeke printa ya leza humo, itaizidi nguvu. Paa likivuja, maji huingia kwa matundu ya juu na kushuka hadi kwenye bodi: chomoa, usijaribu kuiwasha, ipeleke ikafunguliwe na kusafishwa kwa spiriti.

Ikithibitika kweli kioo kimekufa, kipuri kitatoka Dar es Salaam, na ukubwa wa inchi peke yake hautoshi kuagizia. Fundi apige picha lebo iliyo mgongoni mwa paneli, pamoja na herufi za mwisho za namba yake, kwa kuwa paneli mbili za inchi 21.5 huweza kufanana kila kitu isipokuwa plagi ya waya. Picha hiyo imfikie muuzaji kabla hajafunga mzigo, kisha akutumie na wewe picha ya lebo ya kile anachokipakia.