Nyuma ya pazia la studio: dhana potofu kuhusu picha za wanawake wa Asia ya Kusini

Anayetafuta picha ya mwanamke wa Asia ya Kusini aghalabu hukutana na sura ileile: sari nyekundu, bangili zilizojaa mkononi, macho yaliyoinamishwa, na chini yake maneno "mwanamke wa Kihindi", bila jina. Sura hiyo imerudiwa mno hata wengi wetu tunaidhani kuwa ndiyo utamaduni wenyewe, na humo zimezaliwa dhana kadhaa ambazo si za kweli.

"Picha za kale zinaonyesha wanawake hao walivyokuwa hasa."

Hii ndiyo iliyokita mizizi kuliko zote. Kati ya 1868 na 1875, chini ya utawala wa Waingereza nchini India, ulichapishwa mkusanyiko wa juzuu nane uitwao The People of India, wenye picha zaidi ya 400 za watu waliopangwa kwa makabila, matabaka na kazi zao. Maasi ya 1857, ambapo Wahindi waliinuka dhidi ya Waingereza, yalikuwa bado mabichi katika kumbukumbu za watawala, na ndiyo maana maelezo ya baadhi ya picha yanapima kama kundi fulani ni tiifu au ni korofi. Mwanamke aliyeketishwa mbele ya kamera ile kwa kawaida aliingia kitabuni kama mfano wa kundi lake. Msanii Pushpamala N. wa jiji la Bengaluru, India, aliikabili desturi hiyo ana kwa ana katika mfululizo wa picha alioutengeneza na mpiga picha Clare Arni kati ya 2000 na 2004. Ndani yake anavaa na kukaa yeye mwenyewe kama "aina" mbalimbali za wanawake wa India ya Kusini, na mahali pengine anasimama mbele ya kitambaa chenye miraba, mfano wa vile vilivyotumiwa na wanaanthropolojia (wachunguzi wa jamii za watu) wa karne ya 19 kupimia miili ya watu. Anayeiona miraba ile nyuma ya bega lake hawezi tena kuiamini picha ya kale kwa wepesi, kwa kuwa ameonyeshwa jinsi pazia, vazi na mkao vilivyopangwa na mtu mwenye haja yake.

"Wanawake wa huko walipigwa picha tu, kamera ilikuwa ya wanaume."

Homai Vyarawalla, Mparsi (wa jamii ya India yenye asili ya Uajemi inayofuata dini ya Zoroasta) aliyezaliwa Navsari, Gujarat, mwaka 1913, ndiye mwanamke wa kwanza wa India kuifanya picha ya habari kuwa kazi yake. Picha zake za mwanzo zilitoka kwa jina la mumewe, na baadaye alijulikana pia kwa jina la kubuni, Dalda 13. Akiwa ndani ya sari na kamera nzito mikononi, alizipiga picha siku za kuzaliwa kwa India huru mwaka 1947 na mazishi ya Gandhi mwaka uliofuata. Huko Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh ya leo, Saeeda Khanam alianza mwaka 1956 kulipigia picha jarida la wanawake la Begum. Ni jambo la kusikitisha kwamba majina haya mawili hayatajwi inapozungumziwa picha ya "mwanamke wa Kihindi", ilhali wenyewe ndio waliokuwa nyuma ya lenzi.

"Sari inatosha kuwatambulisha."

Haitoshi. Nchini Pakistani wengi huvaa shalwar kamizi, yaani suruali pana na kanzu juu yake, na sari yenyewe hufungwa kwa namna nyingi kutegemea mahali, dini na kazi.

"Kuratibu maonyesho ni kutundika picha ukutani."

Mratibu ndiye anayeamua picha ipi ikae jirani na ipi, na ujirani huo hubadilisha maana. Mwaka 2018, katika tamasha la Photo Kathmandu, hifadhi ya Nepal Picture Library ilionyesha maisha ya wanawake katika shughuli za umma nchini Nepal, ikitumia picha zilizotoka katika albamu za nyumbani pamoja na maandishi ya zama hizo. Picha ya akina mama waliojipanga safu barabarani, ikibaki kabatini, ni kumbukumbu ya shangazi fulani. Ikiwekwa kando ya barua na kijitabu cha siasa, inakuwa ushahidi kwamba shangazi huyo alishiriki kuibadilisha nchi.

"Wasichana wa vijijini hawajui wanavyotaka kuonekana."

Mwaka 2003 mpiga picha Gauri Gill alisimamisha hema la studio katika tamasha la wasichana huko Lunkaransar, jimboni Rajasthan, akaweka pazia na vifaa vichache, kisha akamwachia kila aliyeingia ajipange apendavyo. Wengine waliingia peke yao, wengine na rafiki au dada, na wengi wanaikabili kamera kwa macho makavu, bila kuinamisha uso. Ni pazia, kiti na mkao, vitu vilevile vya studio ya kikoloni, ila sasa anayepanga ni anayepigwa. Na picha zilipotolewa, wasichana wale walitambulishwa kwa majina yao.