Mwasumini kunyauka si lazima uwe na kiu

Mwishoni mwa Mei, masika yakienda ukingoni, hapa Unguja asubuhi jua kali, mchana mvua ya kumwagika. Mwasumini unalegea majani, na mwenye nyumba anakimbilia ndoo. Wengi huamini mmea ukinyauka umekosa maji tu. Si kweli.

Mizizi nayo hupumua. Udongo ukijaa maji, vinafasi vya hewa huzibwa, mizizi hukosa oksijeni kisha huoza. Mizizi iliyooza hainyonyi maji hata yakiwa tele, ndiyo maana majani hulegea mmea ukiwa umesimama kwenye tope. Ndoo ya pili humalizia kazi. Tia kidole udongoni kwanza: kukiwa na unyevu, usimwagilie, tengeneza njia ya maji kutoka. Kopo la maziwa lisilotobolewa chini, kwangu mimi, si chombo cha maua.

Bogenvilia ndiyo huwashangaza watu zaidi: ukiinywesha sana hustawisha majani, na huchanua vyema udongo ukikauka kidogo.

Kipupwe kikiingia Juni, mvua hupungua na upepo wa kusi hukausha makopo ya barazani upesi. Hapo kiu huwa ya kweli, mwagilia asubuhi.