Kwa nini gesi ya bayogesi inatoka lakini haiwaki

Mfugaji wa Ruai au Dagoretti, Nairobi, anafungua vali, anasikia gesi ikitoka, lakini kila akiwasha kiberiti moto unazima. Wengi hulaumu jiko. Mara nyingi jiko ni zima. Walio taabani ni vijidudu walio ndani ya mtambo, yaani tangi ambamo samadi huoza na kutoa gesi.

Penye oksijeni, kijidudu huichoma glukosi moja mpaka mwisho na kupata takriban ATP 30, yaani molekuli zinazobeba nishati ya seli. Ndani ya mtambo hakuna oksijeni. Bakteria huko huvunja nyuzi na wanga, kisha huchachusha sukari na kuambulia ATP 2 hadi 4 tu. Wanachoacha ni asidi, haidrojeni na kabonidioksidi, na nishati nyingi bado imo humo. Hayo mabaki ndiyo chakula cha wazalishaji wa methani, gesi inayowaka jikoni, ambao hata si bakteria bali akea, kundi jingine la vijidudu. Baadhi yao huunganisha haidrojeni na kabonidioksidi. Wengine, ambao ndio hutoa sehemu kubwa ya methani, huvunja asidi ya asetiki, ileile ya siki, na kupata kilojuli 31 hivi kwa moli (kipimo cha wingi wa molekuli). Ni riziki ndogo mno, ndiyo maana wachachushaji huongezeka maradufu kwa saa kadhaa na hawa huchukua siku kadhaa.

Sasa mwaga ndoo nzima ya ugali uliolala na maganda ya viazi kwa mkupuo. Asidi inajaa siku hiyohiyo, walaji wake hawajaongezeka. pH, yaani kipimo cha uasidi kinachoshuka asidi ikizidi, ikienda chini ya 6.5 wanazorota, na gesi inayotoka ni kabonidioksidi kwa wingi, ambayo huzima moto.

Acha kulisha mtambo kwa wiki moja hivi, ukipima pH ya tope kwa karatasi ya kupimia. Isipopanda, koroga chokaa kidogo katika maji, mimina, ngoja siku moja, pima tena. Ikifika karibu 7, anza upya na samadi mbichi ya ng'ombe pekee, ndoo moja kwa ndoo moja ya maji. Samadi hiyo huja na akea kutoka tumboni mwa ng'ombe. Usitumie ya ng'ombe anayetibiwa kwa antibayotiki. Mabaki ya jikoni yarudi kidogokidogo, moto ukishakuwa wa samawati. Mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi huwapunguzia kasi wote, kwa hiyo punguza chakula.

Harufu ya yai bovu ni habari nyingine: kuna bakteria wanaopumua salfeti, chumvi yenye salfa, badala ya oksijeni na kutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye sumu inayokula vyuma vya jiko. Pitisha gesi kwenye kichujio chenye vumbi la chuma lililoshika kutu, na usiinamie mdomo wa mtambo.