Sabres ikifungwa, tumlaumu kocha au wachezaji?

Vijana wa hapa Buffalo, Marekani, wanaoongea Kiswahili, wengi Wakongo na Warundi waliokulia West Side, wananijazia simu na voisi za dakika tatu tatu kila Sabres, timu yetu ya hoki ya barafu, ikipigwa. Mmoja anataka kocha atimuliwe usiku huo huo, mwingine anasema kocha mwacheni, wachezaji ndo wazembe, wanakula mamilioni ya dola halafu wanateleza tu kwenye barafu kama wako matembezini. Kazi yangu ni kuchambua video na takwimu za hoki kwa timu za vijana, kwa hiyo naandika mara moja hapa jinsi mtu wa kazi hii anavyolitazama hilo swali, halafu nitasema wazi mimi nasimama wapi.

Kwanza tukumbushane ukubwa wa jambo lenyewe. Kuanzia msimu wa 2011-12 mpaka 2024-25 Sabres haikuingia hatua ya mtoano hata mara moja, misimu 14 mfululizo, na hakuna timu nyingine katika historia ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, iliyokaa nje muda mrefu hivyo. Na hii ni ligi ambayo timu 16 kati ya 32 zinaingia mtoano, yaani nusu nzima! Lindy Ruff alifukuzwa Februari 2013, wakaja Ron Rolston, Ted Nolan, Dan Bylsma, Phil Housley, Ralph Krueger (huyu mashabiki wa mpira mnamjua, ndo alikuwa mwenyekiti wa Southampton kule Uingereza), kisha Don Granato, halafu Aprili 2024 akarudishwa yule yule Ruff. Makocha sita katikati hapo, na kila mmoja alipoondoka mtaani watu walishangilia.

Sasa mimi mechi ikiisha siangalii kocha kwanza, naangalia kipa. Kwenye mpira wa miguu timu inaweza kupigiwa mashuti matatu yaliyolenga goli na mechi ikaisha, kwenye hoki kipa anapigiwa kama 30 kila usiku, kwa hiyo tofauti ndogo tu ya uwezo inazaa magoli mengi sana ikikusanywa msimu mzima. Chukua msimu wa 2020-21, ule wa corona wa mechi 56, Sabres ilicheza mechi 18 mfululizo bila kushinda, ikafungwa 15 kwenye muda wa kawaida na 3 baada ya hapo, na Krueger akatimuliwa katikati ya ule ukame, Machi 17. Kila mtu anamkumbuka Krueger. Wachache wanakumbuka kwamba kipa namba moja, Linus Ullmark, alikuwa majeruhi sehemu kubwa ya kipindi kile. Ullmark msimu ule aliokoa asilimia 91.7 ya mashuti, mmoja wa walioshika nafasi yake, Carter Hutton, aliokoa 88.6. Piga hesabu kwa mashuti 30, hiyo ni karibu goli moja zima kila mechi, na kwenye ligi ambayo mechi nyingi zinaamuliwa kwa goli moja au mawili hapo umeshapata jibu la sehemu kubwa ya maumivu. Sabres ilishinda mechi 15 tu msimu mzima, na 9 kati ya hizo zilikuwa za Ullmark. Halafu klabu ikamwacha aondoke bure kwenda Boston, na mwaka 2023 akachukua tuzo ya Vezina, ya kipa bora wa ligi. Hapo unamlaumu kocha gani?

Kitu cha pili ni bahati ya kufunga, na hapa ndipo tunapowaonea wachezaji. Taylor Hall alikuja Buffalo kwa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 8, mtu aliyewahi kuwa MVP, yaani mchezaji bora wa ligi, akacheza mechi 37 akafunga magoli 2. Mawili! Watu walimtukana vibaya mno. Lakini ukiangalia mashuti yake, alikuwa anapiga na alikuwa anafika kwenye nafasi, ila yaliyoingia ni kama 2 tu katika kila 100, wakati maisha yake yote ya ligi anafunga kama 10 katika 100. Mchezaji hasahau kufunga ghafla hivyo akiwa na miaka 29, kuna sehemu kubwa hapo ni paki (kile kisahani kinachochezwa badala ya mpira) kugonga nguzo, kugonga goti la beki, kukutana na kipa aliyeamka vizuri. Aprili 2021 akapelekwa Boston na huko katika mechi 16 akafunga magoli 8. Kwa hiyo mtu akikauka, kabla hujasema amekwisha muulize yule ndugu yako wa takwimu: anapiga mashuti mangapi, na anapigia wapi? Kama bado anapigia mbele ya kipa, subiri. Kama sasa anapigia mbali pembeni kule karibu na ubao, ule ukuta unaozunguka uwanja, hapo wasiwasi ni wa kweli.

Na tafadhali tuachane na hesabu ya plasi na mainasi kama silaha ya kumchinjia mtu. Hii ni ile ya kuhesabu magoli yaliyoingia ukiwa uwanjani, yenu unaongezewa, ya wapinzani unapunguziwa. Ryan O'Reilly msimu wa 2017-18 akiwa Buffalo alimaliza na mainasi 23, watu wakasema mzigo, tena alikuwa amekiri hadharani kwamba kule kufungwa fungwa kulimfanya wakati mwingine apoteze mapenzi na mchezo, wakamwita laini. Julai 2018 akapelekwa St. Louis. Msimu uliofuata akawa plasi 22, akabeba Kombe la Stanley, la ubingwa wa ligi, akachukua tuzo ya mchezaji bora wa mtoano na juu yake tuzo ya mshambuliaji anayekaba vizuri kuliko wote. Mtu yule yule, miguu ile ile. Ile namba ilikuwa inaipima timu aliyozungukwa nayo, yeye tukambandika tu.

Haya, kocha sasa. Kocha anaonekana wapi? Mimi naangalia sehemu tatu: namna timu inavyotoka kwenye eneo lake, namna inavyocheza ikiwa na mtu wa ziada (mpinzani mmoja yuko nje kwa adhabu), na kocha anafanya nini na kijana aliyetoka kukosea.

Ya kutoka kwenye eneo ndo muhimu zaidi, ngoja niikalie kidogo. Wapinzani wametupa paki nyuma ya goli lako. Beki wako anageuka anaikimbilia, mgongoni ana mshambuliaji wa kilo 95 anakuja kumgandamiza ukutani, ana kama sekunde moja na nusu. Kwenye timu iliyofundishwa vizuri, kabla hajaigusa paki anajua tayari senta (mshambuliaji wa kati) atakuwa ameshuka chini kabisa katikati, winga amesimama kwenye ubao usawa wa duara, na beki mwenzake yuko upande wa pili wa goli anapiga kelele "geuza!" Hana haja ya kutafuta mtu, anaigonga tu pale anapojua kuna fimbo inasubiri, na sekunde tatu baadaye mnashambulia. Kwenye timu iliyovurugika senta ameshapanda mapema anasubiri kushambulia, beki anainua kichwa haoni mtu, anaipiga ovyo ubaoni, beki wa wapinzani anaizuia kwenye mstari wa buluu, mpaka wa eneo lako, shuti, kipa anaitema, shuti la pili, goli. Kwenye TV kamera inamwonyesha beki na sisi sote tunamlaani beki. Kosa lilikuwa la senta aliyekuwa mita 15 mbele, na kama masenta wote wanne wanafanya vile vile basi wameambiwa au hawajaambiwa, na hapo ni kocha. Waliowahi kucheza kwenye kile kiwanja kidogo cha barafu cha Panari Nairobi mtanielewa haraka, hakuna nafasi ya kufikiria ukishapata paki, unafikiria kabla.

Disemba 3, 2024 Sabres ilikuwa inaongoza 4-0 dhidi ya Colorado hapa nyumbani ikafungwa 5-4. Ile ilikuwa ndani ya mfululizo wa mechi 13 bila ushindi, na ilivyoniuma ni kwamba timu iliacha kutoka na paki, ikawa inaitupa tu nje ya eneo ili ipumue, na timu yenye Nathan MacKinnon na Cale Makar ukiipa paki bure inakurudia na kasi kila baada ya sekunde kumi. Hapo mimi nagawa lawama, vijana waliogopa na benchi halikuwatuliza. Mfululizo ulikatika Disemba 23 kwa kuwapiga Islanders 7-1, na ni vijana wale wale kocha yule yule, kwa hiyo wale waliosema wachezaji wamemgomea kocha wanieleze yale magoli 7 yalitoka wapi.

Mfano mzuri wa mkono wa kocha ni Tage Thompson. Chini ya Krueger alikuwa winga mrefu wa karibu futi saba akiwa na viatu vya barafu ambaye hakuna aliyejua amtumie vipi, msimu wa 2020-21 alimaliza na magoli 8. Granato akamweka katikati kama senta, akamwambia chukua paki mwenyewe ukimbie nayo, ukikosea nitakurudisha zamu inayofuata (kwenye hoki wachezaji wanapokezana barafuni kwa zamu fupi fupi). Magoli 38, kisha 47. Pawaplei, kule kucheza na mtu wa ziada, ikajengwa juu yake, anasimama duara la kushoto, yeye anapiga kulia, beki Rasmus Dahlin anampelekea pasi ya moja kwa moja na shuti linatoka kabla kipa hajahama upande. Dahlin naye, aliyekuwa mainasi 36 msimu ule mbaya, msimu wa 2022-23 alitengeneza na kufunga jumla ya pointi 73. Hiyo ndo kazi ya kocha, na msimu huo timu ilipata pointi 91 ikakosa mtoano kwa pointi 1 nyuma ya Florida, ambayo ilienda mpaka fainali. Mwaka mmoja baadaye wakashuka pointi 84, Granato akafukuzwa. Mimi nilipinga ile siku na bado napinga.

Sasa nasema ninaposimama. Kocha ana makosa yake, wachezaji wana yao, lakini ugonjwa wa Buffalo miaka yote hii umekuwa juu zaidi, ofisini, kwa sababu klabu inalea mchezaji kwa maumivu mpaka anakaribia kukomaa halafu anachoka, anaondoka, na matunda yanaliwa kwingine. O'Reilly nimemtaja. Jack Eichel aligombana na klabu juu ya upasuaji wa shingo, Novemba 2021 akaenda Vegas, 2023 akabeba kombe na akawa anaongoza kwa pointi kwenye mtoano mzima. Sam Reinhart alipelekwa Florida Julai 2021, akafunga magoli 57 msimu wa 2023-24, na goli la ushindi la mechi ya 7 ya fainali dhidi ya Edmonton lilikuwa lake, mwaka uliofuata akabeba tena. Brandon Montour, naye alipitia hapa, yumo kwenye kombe la 2024. Ukiwapanga hawa kwenye kikosi kimoja na Dahlin na Thompson, halafu Ullmark golini, hata mimi nikisimama benchi tunaingia mtoano.

Na kila walipoondoka hawa walioiva nafasi zao zikajazwa na watoto wa miaka 19, 20, 21, halafu kocha mpya anakuja na mfumo mpya. Dahlin alichaguliwa namba moja mwaka 2018, na alipofika miaka 24 alikuwa anajifunza kwa kocha wa nne. Beki wa hoki anakomaa taratibu kuliko mshambuliaji, anahitaji kuona hali ile ile mara elfu mbili mpaka mwili ujibu wenyewe, sasa kila miaka miwili unambadilishia majibu. Mmoja anataka ukabe mtu kwa mtu, mwingine anataka ukabe eneo. Kijana akisita nusu sekunde, goli, na sisi kwenye viti tunasema mvivu.

Najua mtaniambia mbona St. Louis walimfukuza Mike Yeo Novemba 2018, Januari 3, 2019 wakawa wa mwisho kwenye ligi nzima, na Juni wakabeba kombe chini ya Craig Berube? Mbona Edmonton walimfukuza Jay Woodcroft Novemba 2023 kisha wakashinda mechi 16 mfululizo na kufika mechi ya 7 ya fainali? Ni kweli, lakini angalia walichokuwa nacho tayari. St. Louis walikuwa na O'Reilly na mabeki waliokomaa kama Alex Pietrangelo, Januari wakaanza kumweka golini Jordan Binnington na pakafungwa. Edmonton walikuwa na Connor McDavid na Leon Draisaitl, walikuwa wanatengeneza nafasi nyingi hata walipokuwa wanafungwa, ila hazikuingia na makipa walikuwa wanatema kila kitu. Kocha mpya aliikuta timu ya watu wazima iliyokuwa inasubiri mambo yarudi sawa. Buffalo kila mara kocha mpya alikabidhiwa darasa.

Kwa hiyo voisi zenu nitaendelea kuzipokea, ila mkitaka tubishane vizuri nileteeni mambo mawili kutoka kwenye mechi: senta alikuwa wapi beki alipoigusa paki nyuma ya goli, na baada ya kijana kukosea alirudi uwanjani baada ya zamu ngapi. Hapo tutaongea mpaka saa saba usiku.